Barua kwa Mhariri: Mabinti wanaojua kulenga msiwaache waishie JKT

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Wiki mbili zilizopita binti yangu, ni mtoto wa marehemu dada yangu lakini nimemlea mimi kwahiyo ni wangu, karudi hapa nyumbani Ngamiani kutoka JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, hawa wa mujibu wa sheria waliomaliza form six. Karudi kakonda, kaungua jua, sauti imekauka kwa kuimba chenja, na kabla hata hajakaa akatoa daftari kwenye begi akanionyesha karatasi. Ile karatasi ya shabaha wanayolengea. Ina matundu matano. Afande wake alimwambia hii usiitupe, nenda kaionyeshe nyumbani. Nikachukua kizibo cha soda nikakiweka juu ya yale matundu, yakafunikwa yote matano, yaani ukiangalia unaona kizibo tu. Mita 25, amelala kifudifudi, na bunduki yenyewe kaishika kwa mara ya kwanza maishani mwake hukohuko kambini.

Nikamkumbatia, tukacheka, nikampa chai na mkate wa ajemi, alafu akaniuliza swali ambalo ndio limenikalisha chini kuandika hii barua. Akasema, mama mdogo, sasa naendelea nayo wapi?

Sikuwa na jibu. Na kilichoniuma ni kwamba swali hilohilo na mimi niliwahi kuliuliza, mwaka 1988.

Mimi nilipita JKT enzi zile tunakaa mwaka mzima. Mwalimu wetu wa silaha alikuwa mtu mzima, mpole, hapigi kelele kama maafande wengine. Kabla hatujapewa hata risasi moja alitulaza chini siku nne tunafyatua bunduki tupu. Anachukua sarafu ya shilingi anaiweka juu ya mtutu kule karibu na ncha, anakwambia haya vuta. Ukivuta kwa pupa sarafu inaanguka, ukiibana bunduki kama unagombana nayo sarafu inaanguka, hata ukiwaza tu kwamba sasa ndio inalia, inaanguka. Inatakiwa uvute pumzi, utoe nusu, usimamishe, kidole kiende taratibu mpaka bunduki ikushtukize wewe mwenyewe, na sarafu ibaki palepale. Siku ya tatu sarafu yangu ilikaa mara kumi mfululizo. Siku ya risasi za kweli, mita 100, tano zangu zilikaa ndani ya kiganja cha mkono wangu, wakati wavulana wa kombania yetu, mabega mapana, karatasi zao zilikuwa kama chekeche.

Jioni yake afande akaniita chini ya mwembe akanihadithia habari za mwanamke wa Kimarekani, Margaret Murdock. Jina nikalishika hivyohivyo kwa kusikia. Miaka ilivyopita na simu hizi zilivyokuja nikamtafuta nikamsoma vizuri, nikakuta afande hakuongeza chumvi hata kidogo.

Huyu mama kazaliwa Topeka, jimbo la Kansas, mwaka 1942. Kule kwao vyuo vikuu vina timu za kulenga shabaha kama sisi tulivyo na timu za netiboli, ni mchezo wa kawaida kabisa wa chuo. Alivyoingia chuo cha Kansas State akapiga kwenye timu moja na wanaume, na akawa mwanamke wa kwanza pale chuoni kupewa ile herufi ya heshima wanayoshonewa wachezaji wa timu kubwa. Kamaliza chuo. Hapa ndipo mabinti zetu wengi wanapoishia, karatasi inaingia kwenye daftari, daftari linaingia kwenye sanduku, basi. Yeye hakuishia hapo kwasababu kulikuwa na mlango wa kuingilia. Jeshi lao lina kikosi maalumu cha walenga shabaha, kilianzishwa mwaka 1956 pale Fort Benning, Georgia, na kazi ya kile kikosi ni mbili, kushindana na kufundisha. Wakamchukua. Akawa mwanajeshi, akawa mkufunzi anafundisha wanajeshi kupiga, na huku anaendelea na mashindano yake.

Hilo la ukufunzi naomba mtu asilipite haraka. Miaka ya sitini, mwanamke anamfundisha askari mwanaume namna ya kulala na bunduki, namna ya kupumua, anamsahihisha kiwiko, na askari anasema ndio afande. Alafu leo 2020 na ushee mimi naambiwa na mtu mzima ofisini kwamba bunduki sio mambo ya watoto wa kike.

Mwaka 1967 kwenye michezo ya nchi za Amerika, kule Winnipeg, Kanada, akachukua dhahabu na akaweka rekodi ya dunia kwa mkao wa kupiga goti, pointi 391 kati ya 400, na hiyo rekodi aliyoivuka haikuwa rekodi ya wanawake, ilikuwa ya wanaume. Mwaka 1970, Phoenix, akawa bingwa wa dunia akiwa na mimba ya miezi minne. Wanawake wenzangu mnaosoma mnaelewa miezi minne ikoje, kuna siku harufu ya kitunguu tu inakulaza kitandani, sasa mwenzetu alisimama na bunduki ya kilo kadhaa mkononi, bila kuegemea popote, anatafuta katikati ya duara lililo mbali kule, na anapata.

Alafu ikaja Montreal 1976, alikuwa mwanamke wa kwanza kabisa kuingia timu ya Olimpiki ya Marekani ya kulenga shabaha. Mchezo wake ulikuwa mita 50, mikao mitatu, risasi 40 umelala, 40 umesimama, 40 umepiga goti, jumla risasi 120 na alama zote ni 1200. Kwa karatasi za siku hizi hilo duara la alama kumi kwa mita 50 lina upana wa milimita 10 na kitu, chukulia punje ya hindi, iweke mwanzo wa uwanja wa Mkwakwani wewe usimame karibu katikati ya uwanja. Na hakukuwa na shindano la wanawake, alipanga mstari mmoja na wanaume wa dunia nzima. Matokeo ya kwanza yalimuonyesha yeye kaongoza, baadae ikagundulika kuna kosa kwenye uandishi wa alama, yeye na Mmarekani mwenzake Lanny Bassham, mwanajeshi naye, wako sawasawa, 1162 kwa 1162. Wakaanza kuhesabu nani ana mizunguko mingi ya risasi kumi iliyojaa mia. Bassham anayo mitatu, Margaret miwili. Dhahabu ikaenda kwa Bassham.

Bassham mwenyewe akaomba zitolewe dhahabu mbili, wakamkatalia. Siku ya kuvishwa medali, wimbo wa taifa unapigwa, akamshika mkono yule mama akampandisha juu kwenye ngazi ya kwanza wakasimama wote wawili. Afande alivyonihadithia hapo alinyamaza kwanza. Mpaka leo ile picha nikiiangalia kwenye simu machozi yananilenga, sio kwasababu ya Bassham tu kuwa muungwana, ni kwasababu kuna mtu ametamka mbele ya dunia nzima kwamba huyu tuko naye sawa.

Baadae huyu mama alikwenda kuwa nesi. Na kuanzia 1984 Los Angeles wanawake wakapewa mashindano yao ya bunduki kwenye Olimpiki. Mimi kwa upande wangu sioni kama kutenganishwa kulikuwa na faida tupu, milango ilifunguka ni kweli, lakini dunia nayo ikapata kisingizio cha kusema hawa ni wa huku na wale ni wa kule. Kwenye vyuo vyao mpaka leo wanapiga pamoja, timu moja, wavulana na wasichana, bingwa ni mmoja. Launi Meili alitokea humohumo vyuoni, Eastern Washington, akachukua dhahabu ya mita 50 mikao mitatu Barcelona 1992, alafu akaenda kuwa kocha kwenye chuo cha maofisa wa jeshi la anga la Marekani. Mwanamke anawanoa maofisa watarajiwa. Mnaona ule mnyororo? Chuo, mashindano, jeshi, ukocha, chuo tena.

Mwingine wa mnyororo huohuo ni mwanaume, Lones Wigger, huyu sitamueleza kwa urefu lakini kumruka nitakuwa sijatenda haki. Mtoto wa mkulima wa Montana, kajifunzia chuo cha jimbo lao, kaingia jeshini kakaa miaka 26 mpaka luteni kanali. Olimpiki ya Tokyo 1964 dhahabu na rekodi ya dunia ya pointi 1164, na medali ya fedha juu yake. Munich 1972 dhahabu nyingine, mita 300. Katikati hapo Vietnam, kufundisha wadunguzi. Alivyostaafu jeshi 1987 hakwenda kukaa barazani, akasimamia timu ya taifa kule Colorado Springs mpaka 1994. Binti yake Deena akapiga Olimpiki ya Seoul 1988, mtoto wake wa kiume akawa kocha wa timu ya West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Amefariki Desemba 2017. Mtu mmoja tu, lakini ukihesabu waliopita mikononi mwake hawaishi.

Sasa kuna jambo moja huwa linanijia kila nikisoma habari za hawa watu, na wazee wenzangu watalikumbuka. Montreal 1976 sisi Tanzania hatukwenda. Tulisusa, Afrika ilisusa, kwa ajili ya New Zealand kwenda kucheza raga na makaburu, na tulikuwa sahihi kabisa, lakini mtu aliyelipa gharama ni mwanajeshi wetu Filbert Bayi, ambaye miaka miwili nyuma yake alishaweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, dakika 3:32.16. Dunia nzima ilikuwa inasubiri kumuona yeye na John Walker, mkimbiaji wa New Zealand. Hakukimbia. Ikafika 1980 Moscow, sasa Marekani ndio wakasusa, Wigger kashafuzu timu akabaki nyumbani, na Bayi wetu akaenda akachukua fedha ya kuruka viunzi na maji. Watu wawili, wote wanajeshi, kila mmoja kapoteza Olimpiki moja kwa mambo ambayo hayakutoka kwake, na wote wawili baada ya hapo hawakukaa na kinyongo, Bayi kajenga shule pale Kibaha, Wigger kafundisha timu.

Nayasema haya nieleweke kwamba siombi tuige kitu cha Wamarekani. Hiki kitu tunacho. Jeshi kulea mwanamichezo sio habari mpya kwetu. Bayi ni wa jeshi. Juma Ikangaa ni wa jeshi, New York 1989 kashinda, Boston kawa wa pili miaka mitatu mfululizo. Alphonce Simbu ni wa jeshi, na mwaka 2025 Tokyo, Tokyo hiyohiyo ya Wigger, kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia kwa kifua, huku mtaani kwetu watu walipiga kelele kama goli la fainali. Wote hao ni wakimbiaji. Kukimbia jeshi limelea, na matunda tumeyaona. Kulenga, ambako ndio kazi yenyewe ya jeshi, ambako kila mwaka maelfu ya vijana wanafundishwa bure kwa gharama ya nchi, unaambiwa rudisha bunduki, saini hapa, nenda nyumbani.

Nimeshakwenda kuuliza. Wiki iliyopita niliingia ofisi moja inayohusika na michezo, sitaitaja maana sitaki kumuharibia mtu kazi, nikakaa kwenye benchi kutoka saa tatu mpaka saa sita na nusu na karatasi ya binti yangu kwenye bahasha. Nilipoingia ndani yule bwana hata bahasha hakuifungua. Akaniambia huo mchezo haupo kwenye orodha yao, na bunduki sio mambo ya watoto wa kike, nimpeleke netiboli. Netiboli ni mchezo mzuri, nimeucheza. Lakini mtoto kaja na kitu mkononi unamwambia kiweke chini uchukue kingine, kwanini?

Wengine nimeongea nao hapa mtaani wanaogopa neno bunduki lenyewe, na nawaelewa. Sisi Tanga tumesimuliwa na mabibi zetu vita vya Novemba 1914, Waingereza na askari wao wa Kihindi wanashushwa ufukweni, Wajerumani wako mjini, na nyuki wanatoka kwenye mizinga wanawauma wote bila kuchagua. Bunduki kwa watu wengi ni msiba. Lakini ninachokiomba sio bunduki za vita mtaani, wala sio kila mtoto apewe silaha. Ninachokiomba kinaanza na bunduki ya upepo.

Wakubwa mnazijua. Kuna mzee alikuwa Chumbageni zamani anayo ya kupigia kunguru, hawa kunguru weusi waliotumalizia vifaranga, na sisi watoto tulikuwa tunakaa ukutani kumuangalia. Ya mashindano ni jamii hiyohiyo ila imetengenezwa kwa usahihi mkubwa. Inatumia upepo, kijirisasi chake cha madini ya risasi kina milimita 4.5, umbali ni mita 10 tu, na hilo doa la alama kumi lina nusu milimita, yaani ncha ya kalamu. Mita 10 ni ukumbi wa shule. Ni bwalo la chakula viti vikitolewa. Unaweka ubao mzito nyuma wa kupokelea, mstari chini, mwalimu mmoja mkali wa usalama, bunduki zinafungwa kabatini na ufunguo anao mtu mmoja anayejulikana, polisi wanataarifiwa na sheria ya silaha ya mwaka 2015 inafuatwa neno kwa neno. Haihitaji nyasi, haihitaji taa za uwanja, hata mvua za masika hazisimamishi.

Na faida yake kwa watoto wetu ni kwamba huu mchezo hauulizi urefu wala kifua. Unauliza utulivu. Mwaka 2024 Paris si mlimuona yule Mturuki, Yusuf Dikeç, picha ilizunguka kila grupu la WhatsApp, mtu mzima wa miaka 51, fulana tu, mkono mfukoni, miwani yake ya kawaida, na medali ya fedha kachukua pamoja na mwenzake wa kike kwenye bastola ya upepo mita 10. Watu walicheka na kushare, lakini wangapi walijua kwamba na yeye katokea jeshini, kwenye jandama ya Uturuki, polisi wao wenye mfumo wa kijeshi? Wahindi nao, pamoja na ukubwa wa nchi yao, dhahabu yao ya kwanza ya mtu binafsi kwenye Olimpiki ilitoka hapohapo kwenye bunduki ya upepo mita 10, Abhinav Bindra, Beijing 2008. Sisi tangu tuanze kwenda Olimpiki tuna medali mbili tu, zote za Moscow, Bayi na Nyambui. Njia za kutafuta ya tatu tusizibane kwenye mbio peke yake.

Kwahiyo Mhariri naomba kupitia gazeti lako haya, kwa wanaohusika jeshini na kwenye michezo. Kila kambi ya JKT, na sisi mkoa huu tunazo, Maramba na Mgambo, mwisho wa mafunzo iandike majina ya vijana kumi waliopiga vizuri kuliko wote, wavulana kwa wasichana bila kutenganisha, na hayo majina yasife kwenye faili. Wapewe mashindano yao, hata ya siku moja, kambi kwa kambi. Wanaofanya vizuri jeshi liwaangalie kama linavyowaangalia wakimbiaji. Na kwa upande wa uraiani, shule moja tu hapa Tanga mjini ikubali kutoa ukumbi wake jumamosi asubuhi. Moja. Walimu wapo, nina uhakika wapo, wakufunzi wastaafu wa silaha wamejaa mtaani hapa Makorora, Duga, Pongwe, wanalima mchicha na kucheza bao, wana elimu kichwani ya kulaza mtu chini na kumpumulisha ambayo hakuna mtu anawauliza. Mimi mwenyewe nitakuja kusimamia mabinti, kuhakikisha wanafika na wanarudi salama, na chai ya jumamosi nitapika.

Na wewe afande wangu wa 1988 kama Mungu kakuweka hai na bado unasoma magazeti, shikamoo. Ni yule kuruta wa Tanga uliyemkalisha chini ya mwembe. Kama upo karibu tafadhali niachie ujumbe hapo kwa mhariri, maana binti yangu ana kasoro moja kwenye mkao wa kusimama, kiwiko cha kushoto kinamchomoka nje, na mimi nimejaribu kumuelekeza nimeshindwa kukumbuka ulituambia tukiegemeze wapi. Jana magharibi nimemkuta barazani kasimama peke yake na mpini wa jembe begani, sarafu ya shilingi mia juu yake, anahesabu pumzi.

Mama wa Ngamiani,
Tanga